Kwa nini leso kuukuu hukausha udenda kuliko kitenge kipya?

Mtoto akikaribia miezi 3, udenda huanza kumtiririka mpaka kifua kinalowa. Hapo ndipo watu hukumbuka kushona bibu, kile kitambaa cha kumfunga mtoto shingoni. Kwa mafundi wa nguo pale Kibuye, Kisumu, vipande vya kitenge vinavyobaki baada ya kukata gauni vinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Unashona vipande 2 uso kwa uso, unaacha upenyo wa kupitisha vidole, unakigeuza, basi. Kinapendeza. Lakini siku ya kwanza udenda unateleza juu yake na kuingia kwenye nguo, ilhali leso ya nyanya iliyopauka inaufyonza mara moja.

Wengi husema kitenge ni chepesi mno, kwa hiyo wanatafuta kitambaa kizito: kipande cha jinzi au cha kochi. Wengine huongeza tabaka la tatu, halafu la nne, mpaka mtoto anavaa kitu kigumu kama kola ya shati la sare. Uzito una faida yake, kwa sababu kitambaa kinene hubeba maji mengi zaidi. Lakini kubeba na kupokea ni mambo 2 tofauti. Kama uso wa kitambaa unayakataa maji, tabaka 4 zitayakataa vilevile. Na leso kuukuu haichaguliwi kwa sababu ya ukosefu wa kitu bora. Kwa kazi hii, hiyo ndiyo bora.

Jibu linaanzia shambani. Chukua pamba mbichi, kama ile inayolimwa Busia au Siaya, uiweke juu ya maji kwenye karai: itaelea. Kisha weka pamba ya duka la dawa: itazama baada ya muda mfupi tu. Mmea ni uleule. Tofauti ni kwamba uzi wa pamba huzaliwa umefunikwa na nta nyembamba, karibu asilimia 1 tu ya uzito wake, na nta hiyo inatosha kuyafukuza maji. Pamba ya dawa imechemshwa kwa magadi makali hadi nta ikatoka. Kitambaa cha dukani nacho huoshwa kiwandani, lakini mara nyingi hutiwa wanga au dawa nyingine ili king'ae na kisimame vizuri. Mng'ao huo unaokuvutia dukani ndio unaozuia udenda.

Nta na wanga vikishatoka, fikiria utambi wa koroboi. Hakuna anayeyasukuma mafuta ya taa, lakini yanapanda yenyewe mpaka kwenye mwali. Kati ya nyuzi za utambi mna nafasi nyembamba sana. Mafuta hushika ukingo wa nafasi hiyo, yanajivuta mbele kidogo, yanashika tena, na kadiri nafasi ilivyo nyembamba ndivyo yanavyopanda juu zaidi. Bibu nzuri hufanya hivyohivyo kwa udenda, ila inauvuta kwenda pembeni, na tone moja linatawanyika na kuwa doa pana ambalo hukauka upesi. Leso iliyofuliwa miaka mingi haina tena wanga, nyuzi zake zimelegea, na vinyweleo vidogo vimeinuka juu yake. Njia za kupitia ni nyingi, na zote ziko wazi.

Pamba ina jambo jingine linalonifurahisha sana: haipitishi maji kati ya nyuzi tu, bali huyaingiza ndani ya uzi wenyewe. Hata ikiwa kavu, katika hewa ya kawaida, karibu asilimia 8 ya uzito wake ni unyevu. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Na vitenge vingi vya sokoni ni poliesta. Choma uzi mmoja kwa kiberiti, mbali na mtoto: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kitambaa mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili, kwa hiyo usitegemee moto peke yake.

Kipimo bora ni tone la maji. Lidondoshe juu ya kitambaa. Likikaa duara, kifue kwa maji moto na sabuni kabla ya kukata, maana pamba pia husinyaa, kisha ujaribu tena. Usitie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu huacha utando wa mafuta. Jaribu pande zote mbili: rangi nyingine hugandishwa juu ya kitambaa kwa gundi isiyotoka kwa kufua, na hapo upande wa nyuma ndio unaofyonza. Basi huo uwe juu, hata kama maua yatafichika. Kamba za shingoni ziwe fupi, na bibu ivuliwe kila mtoto anapolala, kwa sababu inaweza kumkaba au kumfunika pua.