Usiku wingu si jeupe

Kila programu ya kamera ya anga (inayopiga picha ya anga zima ili kupima mawingu) ninayoletewa ina sharti lilelile: pikseli ikiwa nyeupe, hesabu wingu. Jamani! Hata mchana kinachopimwa ni uwiano wa nyekundu kwa buluu, wala si weupe. Zima kwanza urekebishaji otomatiki wa rangi, la sivyo kamera itajibadilishia rangi yenyewe na uwiano wote utakuwa takataka. Kandokando ya jua, vumbi na chumvi ya bahari hung'aa mithili ya wingu. Linganisha na picha ya siku safi, jua likiwa kimo kilekile.

Usiku sharti hilo huanguka kabisa. Juu ya Dar es Salaam taa za mji humulika wingu kutoka chini, likawa angavu kuliko anga. Kamera hiyohiyo ipeleke Serengeti kabla mwezi haujatoka: wingu ni shimo jeusi. Mwezi ukichomoza, linang'aa tena. Hakuna kizingiti cha mwangaza kitakachokuokoa hapo. Hesabu nyota. Toa kwenye katalogi nyota angavu hadi mag 3 (magnitudi, kipimo cha mwangaza wa nyota: namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi) zinazopaswa kuwa juu ya nyuzi 25 kutoka upeo, kisha tafuta kila moja ndani ya pikseli chache za mahali pake. Isiyoonekana, imefunikwa. Tatizo ni kwamba zinabaki 50 hivi tu, na kipande cha wingu hukaa katikati yao bila kugundulika. Shuka hadi mag 4, ingawa mjini hizo zenyewe hupotelea kwenye taa. Na zile taa za infraredi za kamera za ulinzi? Zinamulika kuba lako tu, kile kifuniko kiangavu cha lenzi, wala si wingu.

Wakati wa magharibi, huku karibu na ikweta, jua hushuka nyuzi 12 chini ya upeo kwa dakika 50 hivi, na nuru hupungua nusu kila dakika 3 takriban. Eksposha otomatiki (kamera kujipangia muda wa kupokea nuru) haiwezi kufukuzana nayo. Kokotoa kimo cha jua, uanzie kwenye jedwali la muda huo: 1/10000 ya sekunde mchana, sekunde 30 usiku.

Umande: rezista za kupasha joto kuzunguka kuba, wati chache, ziwake joto la kuba likikaribia kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutanda) kwa nyuzi 3. Buibui nao watalipenda joto hilo, futa utando.

Mawingu membamba ya juu chini ya mwezi mpevu bado yananishinda. Nyota zote zipo, zimefifia kidogo tu. Hapo naandika "haijulikani", sibuni okta (sehemu za nane za anga zilizofunikwa na wingu).