Roboti za kumsaidia mgonjwa: maswali ya ndugu, majibu ya wodini

Roboti hizi zinafanya nini hasa?

Usifikirie mtu wa chuma anayezunguka wodini na sindano. Nyingi ni mashine za mazoezi. MIT-Manus, iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1989 na Neville Hogan na Hermano Igo Krebs, ni mkono wa chuma ulio mezani. Mgonjwa wa kiharusi hufungwa mkono wake kwenye kishikio, kisha huambiwa afikishe alama upande wa pili wa skrini. Akikwama, mashine inamsaidia kusukuma. Akiweza, inamwachia. Anarudia hivyo mamia ya mara kwa kikao kimoja.

Nyingine huvaliwa. ReWalk, roboti ya miguu ya kumtembeza aliyepooza, ilibuniwa na Amit Goffer, injinia wa Israel aliyepooza kwa ajali mwaka 1997. Ina mota kwenye nyonga na magoti. Mvaaji akiegemea mbele, sensa hutambua na mguu hupiga hatua. Lakini lazima ashike magongo, na Goffer alipooza hadi mikono. Kifaa alichokibuni mwenyewe hakikumfaa.

Kama zipo tangu zamani, mbona hatuzioni hospitalini?

Kampuni ya Goffer ilianza 2001. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu ReWalk itumike nyumbani mwaka 2014, na bima ya serikali ya huko, Medicare, ikapanga malipo yake mwaka 2024: dola 91,000 hivi kwa kifaa kimoja. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Tena pesa si kikwazo pekee. Maabara ina sakafu tambarare, mgonjwa aliyechaguliwa, na mainjinia wamesimama pembeni. Wodini kuna mtaalamu mmoja wa fiziotherapia na foleni nje ya mlango. Mashine inayohitaji robo saa ya kufunga mikanda kabla ya dakika kumi za mazoezi imeshakula muda wa mgonjwa anayefuata. Kwa maoni yangu, watafiti wengi hulikumbuka hili wakiwa wamechelewa.

Je, zinashinda mazoezi ya kawaida?

Si lazima. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya RATULS, jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 770 wa kiharusi. Waliotumia mashine za aina ya MIT-Manus hawakuwazidi waliopata huduma ya kawaida katika uwezo wa kuutumia mkono. Misuli ilijongea vizuri kidogo, ila nafuu hiyo haikufika kwenye shughuli za kila siku. Kwa hiyo ukiona video ya mgonjwa "aliyeponywa na roboti", uliza alilinganishwa na nani.

Nani asivae roboti ya kutembelea?

Aliyekaa miaka mingi kwenye kiti cha magurudumu hupungukiwa na uimara wa mifupa ya miguu, na anaweza kuvunjika akisimamishwa ghafla. Apimwe mifupa kwanza. Wenye vidonda vya mgandamizo (vya kulala au kukaa sehemu moja muda mrefu), viungo vilivyokakamaa, au shinikizo la damu linaloshuka wakisimama, wasubiri hadi daktari aseme.

Ngozi ndiyo inayosahaulika. Asiyehisi miguu hawezi kukuambia mkanda unambana. Kila akivuliwa, kagua nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Alama nyekundu isiyofifia ni sababu ya kusitisha na kumwita mtaalamu.

Huku kwetu zimefika?

Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti tano zilizotengenezwa na Zora Bots ya Ubelgiji, kwa msaada wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Zilipima joto la watu na kuwapunguzia wahudumu hatari ya kuambukizwa UVIKO-19. Kazi nzuri, lakini si ya kumrudishia mtu mwendo.

Tukiambiwa hospitali ina mashine, tuulize nini?

Imeruhusiwa kwa ugonjwa wake, au kwa mwingine? Nani atakuwa naye chumbani? Na saa za mtaalamu zitabaki palepale, au mashine imekuja kuzichukua? Hilo la mwisho lisisitizeni.

Na kama hakuna mashine?

Arudie vitendo halisi kila siku kama mtaalamu alivyoelekeza: kushika kikombe, kukunja kitambaa, kufunga vifungo vya shati. Mnapomwinua kitandani, msimvute kwa mkono uliopooza. Bega lililolegea huchomoka kirahisi, na maumivu yake yanaweza kumfanya agome mazoezi kabisa.