Mtulivu anapolipuka: haiba, msongo na tusichokiona

Waliopita kwenye semina za wachumba makanisani wanazijua haiba nne: sangwini (mchangamfu), koleriki (mkali), melankoli (mwenye huzuni) na flegmatiki (mpole). Mgawanyo huo ni wa kale sana. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliuhusisha na damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na balghamu. Habari ya nyongo tumeshaachana nayo, ila majina yamebaki, na watu huyatumia kama kinga: “Mimi koleriki, ndivyo nilivyo, nivumilieni.” Wateja wangu wengi wa ushauri nasaha huja na sentensi hiyo mdomoni.

Mimi huwaanzishia kwa Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliyechapisha kitabu chake kuhusu aina za haiba mwaka 1921. Kwake, akili ina kazi nne: kufikiri, kuhisi, kupokea kwa milango ya fahamu, na kung’amua yasiyoonekana bado. Kila mtu huegemea moja. Anayoitumia sana hukomaa, iliyo kinyume chake hubaki changa. Baadaye Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, ambao hawakusomea saikolojia, waliigeuza nadharia hiyo kuwa dodoso. Ndiko zilikotoka zile aina 16 za herufi nne ambazo watu huzibandika kwenye wasifu wao mitandaoni.

Mchukue mhasibu wa aina ya ISTJ, yaani mtulivu anayeegemea kupokea kwa milango ya fahamu. Nguvu yake ni kumbukumbu na utaratibu. Risiti ya Machi anajua iko faili gani, na masurufu yasiyo na viambatisho hayapiti mezani kwake. Sasa wakaguzi wanakuja Jumatatu, mfumo umekwama, na bosi kabadilisha muundo wa ripoti. Kwanza atazidisha kile anachokiweza: atarudia vocha alizokwisha kuzikagua, atadai saini ya tatu, atamfokea karani kwa tarehe iliyokosewa. Wenzake wanamwona mkorofi. Yeye anajiona ndiye pekee aliye makini.

Msongo ukizidi, ule upande wake mchanga, wa kung’amua yasiyoonekana bado, unamtawala, na kwa kuwa hauna mazoezi, unaona mabaya matupu. Mtu ambaye haamini kitu bila risiti sasa anaamini bosi anataka kumtoa, wakaguzi wametumwa, na mwenzake wa meza ya pili anamchimba. Ushahidi hana, wala hautafuti. Ukibishana naye hapo unajichosha. Mpe kazi ndogo inayoisha, tuseme kulinganisha daftari na taarifa ya benki kwa akaunti moja, kisha mwambie akalale.

Kwa ESFJ, mchangamfu anayeegemea kuhisi na ambaye kufikiri ndiko kuchanga kwake, mambo hugeuka vingine. Yule anayejua mgonjwa wa kila nyumba na mchango wa kila msiba, akichoka kupita kiasi anakuwa hakimu: anakuhesabia kwa hoja kavu nani hakuchangia, lini, na kwa nini hafai.

Na nyani haoni kundule. Mhasibu wetu anaweza kuona kila kosa ndani ya utaratibu, lakini swali la kama utaratibu wenyewe umepitwa na wakati halimjii kabisa. Ndiyo maana kumuuliza mtu mapungufu yake kwenye usaili ni kazi bure. Muulize anayekaa naye ofisi moja.

Kuna jambo ambalo wauza warsha hulipita haraka. Kila herufi ni upande mmoja wa mizani, na watu wengi wako karibu na katikati, kwa hiyo ukirudia dodoso baada ya wiki chache herufi moja inaweza kubadilika bila wewe kubadilika. Kampuni inayolichapisha yenyewe haitaki litumike kuajiri, na bado kuna maofisa rasilimali watu wanaolipachika kwenye usaili.

Kubwa zaidi, herufi hizo nne hazipimi wepesi wa mtu kuingiwa na wasiwasi. ISTJ wawili, ofisi moja, wakaguzi walewale: mmoja ataanza kuona njama kabla ya Ijumaa, mwingine atafunga hesabu zake bila neno. Aina inadokeza watalipuka vipi, si nani atalipuka. Watafiti wengi wa haiba leo wanapima mielekeo mitano, na wasiwasi ni mmojawapo. Mtu akija kwangu kwa ajili ya msongo, natumia dodoso hilo la mielekeo mitano. Lile la herufi nne naliweka kwa mazungumzo ya timu tu.