“Pwani si ile pale?”

Jumapili imetokea tena. Nipo Raskazone, hapa Tanga, nagawa jaketi okozi, kijana analipokea lake, analikunja, analikalia. “Ami, mimi mzaliwa wa Chumbageni. Kuogelea naogelea, na pwani si ile pale?”

Jamani, pwani mnaiona, ni kweli. Mnachosahau ni kwamba maji yenyewe yanakwenda.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari yetu hujaa kwenye saa kumi alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yote yaliyoingia ghubani hutoka kwa muda wa saa sita hivi. Mwanzo hutoka taratibu, kisha saa ya tatu na ya nne yanakaza. Sasa waangalie waliokwenda visiwani, Toten au Yambe, kuchoma samaki: wanang'oa nanga saa kumi na mbili, jua linazama, maji ndiyo kwanza yanashika kasi. Mashine ikizima hapo, mkondo unakupeleka nje, upande wa Pemba. Na kama kusi linavuma kukabili maji yanayotoka, wimbi la mlango wa ghuba huwa fupi na lililosimama wima. Kila ukiinua kichwa uvute pumzi, unavuta maji. Mtu wa kawaida huogelea kilomita 2 hadi 3 kwa saa, tena akiwa hajachoka wala hajaingiwa na hofu.

Mengine mnayajua. Mikanda yote ifungwe, na ule wa mapajani usiachwe, la sivyo jaketi litapanda usoni. Mtoto avae la mtoto. Nahodha ajifunge kamba ya kuzimia mashine, maana akidondoka, boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia na pangaboi lake.

Tunafundisha kwamba boti ikipinduka usiiache, na sababu ni nzuri: chombo huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hupotea nyuma ya wimbi. Ila kuna hali inayonisumbua usiku. Mkondo ukiiburuta boti kuelekea mwamba ambapo mawimbi yanavunjika, nimwambie mtu aendelee kuishikilia? Aliyevaa jaketi angalau ana la kuchagua. Asiyevaa hana.

Jioni tukiwa tumetia nanga, nilimwita yule kijana omo, mbele ya boti, nikamkabidhi dafu tupu. “Litupe, uhesabu polepole.” Boti yangu ina urefu wa mita 7. Alipofika sekunde ya kumi, dafu lilikuwa linapita tezi, nyuma ya boti: kilomita 2 na nusu kwa saa, kasi yake yeye mwenyewe akiogelea. Akalifuata kwa macho mpaka likawa doa, kisha akalivuta jaketi alilolikalia. Sponji ilikuwa imelala katikati, haiinuki tena. Nikampa jingine, nikamfunga mikanda kwa mkono wangu.