Ukoo wa Baba na Mirathi: Yasemwayo na Yalivyo

Katika vikao vya ukoo, kuanzia Rungwe hadi Iringa, hoja inayowahi kutolewa ni kwamba mtoto wa kike ni wa kuolewa, hivyo hana urithi. Ni kweli kwamba Wahehe, Wabena, Wakinga na Wanyakyusa huhesabu ukoo kwa baba, lakini kuhesabu ukoo ni jambo moja na kugawa mali ni jingine. Binti akiolewa hubaki wa ukoo wa baba yake. Watoto wake ndio huhesabiwa kwingine. Hata Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za mirathi za jamii hizi na ambalo halikuwapendelea wanawake hata kidogo, liliwaweka mabinti daraja la tatu la warithi, nyuma ya kaka zao. Ardhi ya ukoo waliruhusiwa kuitumia bila kuiuza, na zuio hilo Mahakama Kuu ya Mwanza ililikataa mwaka 1990 katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, lililotoka Kagera. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Husemwa pia kwamba tangu kale mali ilitoka kwa baba ikaenda moja kwa moja kwa mwanawe wa kwanza. Wanyakyusa wa zamani wangelishangaa hilo, maana kwao ng'ombe wa marehemu walikwenda kwanza kwa mdogo wake wa tumbo moja, na wana wakangoja zamu ya baba zao wadogo iishe. Kijana anayedai shamba lote la kahawa kwa jina la mila anaitaja mila asiyoijua.

Kuhusu dai kwamba damu ya ukoo hupita kwa wanaume tu, kinachopita kwa wanaume peke yao ni kromosomu Y, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba mwilini. Binti hupokea kwa baba kromosomu 23, idadi ileile apatayo kaka yake.

Dhana inayozaa kesi nyingi ni kwamba msimamizi wa mirathi ndiye mrithi mkuu, tena lazima awe mwanamume. Kikao hupendekeza jina tu, likiwamo la mjane au binti. Mahakama ndiyo humteua, naye hukusanya mali, hulipa madeni, huwagawia warithi, kisha hurudisha hesabu mahakamani.