Leseni ya Rubani Haivuki Mpaka Peke Yake: Maelezo kwa Marubani Wapya na Wazazi Wao

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu hapa Lubumbashi imepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa marubani vijana, na zaidi kutoka kwa wazazi wao, kuhusu safari za kutafuta kazi nje ya nchi zilizoishia katika nyumba ya wageni ya Lusaka au Johannesburg bila kazi, bila fedha, na mara nyingine bila hata hati halisi, kwa kuwa zimebaki mikononi mwa wakala. Tunaielewa shida inayowasukuma. Rubani aliyemaliza mafunzo akiwa na saa mia mbili na ushei hapati nafasi kwa urahisi katika mikoa yetu ya Haut-Katanga na Lualaba, ambako sehemu kubwa ya kazi za ndege ndogo hutegemea migodi, na wateja wa migodi huweka masharti ya uzoefu yaliyo juu kuliko yale ya sheria. Kampuni za bima nazo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hatumwambii mtu asiende. Tunachomwomba ni aelewe, kabla ya kukata tiketi, kwamba leseni ni hati ya dola iliyoitoa, na kwamba haki ya kurusha ndege hufuata usajili wa ndege yenyewe, si pasipoti ya rubani wala mahali shule yake ilipo.

Tuanze na dai tunalolisikia karibu kila wiki, kwamba kijana ana «leseni ya OACI» na kwa hiyo anaweza kufanya kazi popote duniani. Leseni ya namna hiyo haipo. OACI, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montréal, halijawahi kumpa rubani yeyote leseni. Linaweka viwango vya chini katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago, kisha kila dola hutoa leseni zake kwa kufuata viwango hivyo au kwa kuongeza masharti yake. Mkataba huo, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, unasema wazi katika kifungu cha 32 kwamba rubani wa ndege inayosafiri kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na dola ambako ndege imesajiliwa. Kifungu cha 33, ambacho vijana hupenda kutuonyesha kwenye simu zao wakiwa wamekisoma nusu, kinazitaka dola nyingine zitambue leseni hiyo ndege inapozifikia. Maana yake ni kwamba rubani mwenye leseni ya Kongo anayetua Lusaka na ndege yenye alama ya usajili ya 9Q au 9S, ambazo ni za Kongo, hasumbuliwi kwa ajili ya leseni. Lakini rubani huyo huyo akitaka kurusha ndege yenye alama ya 9J, ambayo ni ya Zambia, leseni yake peke yake haimfai kitu. Ndivyo ilivyo kwa 5H ya Tanzania, A2 ya Botswana na ZS ya Afrika Kusini.

Kanuni hiyo inafanya kazi pia kwa upande wa pili, na hapo ndipo wazazi hutukasirikia. Mkongomani aliyesomea Afrika Kusini na kupata leseni ya huko, akirudi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, akataka kurusha ndege iliyosajiliwa Kongo, kwa jambo la leseni anahesabiwa sawasawa na mgeni yeyote: lazima leseni hiyo iidhinishwe au ibadilishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi, yaani AAC. Kuzaliwa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, hakupunguzi hatua hata moja. Vilevile, kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako uanachama wetu ulikamilika tarehe 11 Julai 2022, hakukuzifanya leseni za nchi wanachama kuwa leseni moja. Wakala wa Jumuiya unaosimamia usalama wa anga, CASSOA, ulioko Entebbe, unazisaidia nchi kuoanisha kanuni, hautoi leseni.

Njia za kuhalalisha leseni katika nchi ya pili ni mbili, na zisichanganywe. Njia ya kwanza ni uidhinishaji: nchi ya pili inakupa hati inayosema kwamba inaikubali leseni yako ya awali, na hati hiyo unaibeba pamoja na leseni yenyewe. Ni njia ya haraka, lakini inategemea leseni ya msingi kwa kila kitu. Haiwezi kudumu kuliko leseni hiyo, na leseni ya msingi ikisimamishwa au kufutwa, uidhinishaji nao huanguka siku hiyo hiyo. Njia ya pili ni ubadilishaji: unapewa leseni kamili ya nchi hiyo baada ya mitihani, uchunguzi wa afya na jaribio la kuruka kwa kadiri inavyotakiwa. Ni ghali na inachukua muda, lakini leseni hiyo inasimama yenyewe. Tumekutana na rubani aliyefanya kazi vizuri nje kwa uidhinishaji, akasahau kwamba cheti chake cha afya cha nchi ya msingi kilikuwa kimekwisha, akaendelea kubeba abiria. Mwajiri aligundua wakati wa ukaguzi, na kila safari iliyofanywa baada ya tarehe ile ikahesabiwa kuwa imefanywa bila leseni. Hapakuwa na ajali, kwa bahati. Kama ingetokea, kampuni ya bima ingekuwa na sababu ya kutolipa.

Utaratibu wa kuthibitisha leseni tunaueleza kwa urefu, kwa sababu ndio unaoangusha maombi mengi. Nchi ya pili haitegemei neno la mwombaji, wala nakala iliyopigwa muhuri wa notari, hata muhuri huo uwe mwekundu namna gani. Inaiandikia mamlaka iliyotoa leseni na kuiuliza kama leseni yenye namba fulani ilitolewa kwa mtu huyo, kama bado ni hai, ina idhini zipi, ina vikwazo gani, na kama mwenyewe yuko chini ya adhabu au uchunguzi. Kwa kawaida jibu hutoka mamlaka moja kwenda nyingine moja kwa moja, na barua iliyobebwa mkononi na mwombaji haipokelewi. Kwa hiyo anayesema «nipeni muhuri niondoke nao leo» anaomba kitu ambacho hakitamsaidia. Cha kufanya ni kuhakikisha kwamba mamlaka iliyotoa leseni ina kumbukumbu zako kamili na anwani yako ya sasa, kwamba hudaiwi ada, na kwamba unajua ombi la uthibitisho limeingia tarehe gani.

Jambo dogo linalochelewesha majibu hayo kupita yote ni majina. Sisi Wakongomani tuna jina (la ukoo), postnom (jina linalolifuata) na prénom (jina la ubatizo), wakati fomu za nchi nyingi zina nafasi mbili tu. Kijana anaandikishwa shuleni kwa prénom na postnom, pasipoti inaanza na jina, cheti cha afya kimeacha postnom kabisa, na mamlaka inapoulizwa kuhusu mtu wa kwenye pasipoti inajibu kwa haki kwamba haina rubani wa jina hilo. Weka hati zote mezani, uzilinganishe na pasipoti herufi kwa herufi, kisha uombe masahihisho kabla ya kuondoka, si baada ya kukataliwa.

Sasa tuseme juu ya daftari la saa za kuruka. Kiambatisho cha 1 kinataka mwombaji wa leseni ya rubani wa biashara awe na umri usiopungua miaka 18 na saa 200 za kuruka, au saa 150 kama amesoma katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Tofauti hiyo pekee huzaa maswali, kwa sababu mwenye saa 150 halali anaweza kujikuta chini ya kiwango cha nchi au mwajiri anayetaka 200 au 250. Badala ya kuzitafuta saa zilizopungua kwa kuruka, wengine huzitafuta kwa kalamu. Tunaomba mambo haya yaeleweke: daftari husomwa na watu waliosoma mamia ya madaftari. Tuliwahi kuletewa kurasa ambazo mistari yake yote iliandikwa kwa wino mmoja na mkono uliotulia, kila safari ikiisha kwa saa kamili bila dakika za kuvunja, moja ikiwa ya tarehe 31 Juni, na nyingine zikiwa katika ndege ambayo, kwa kumbukumbu za matengenezo, wiki hizo ilikuwa karakanani bila injini. Daftari la rubani hulinganishwa na kumbukumbu za ndege, za uwanja na za shule, na kosa moja la namna hiyo hufanya kurasa zote zitiliwe shaka, pamoja na zile za kweli.

Adhabu zake si za ofisi peke yake. Mamlaka inaweza kusimamisha au kufuta leseni, na uidhinishaji wowote uliojengwa juu yake nje ya nchi unaanguka nayo. Zaidi ya hapo, kughushi maandishi kwa nia ya udanganyifu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 124 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, ambacho kinaweka kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 pamoja na faini au mojawapo ya adhabu hizo, na anayeitumia hati ya uongo akijua ni ya uongo naye anaguswa na sheria hiyo. Mzazi aliyelipia saa za kalamu asijifariji kwamba hakushika kalamu.

Kuhusu afya tutasema machache. Cheti cha daraja la kwanza kwa rubani kijana hudumu miezi 12, na nchi nyingi hutaka uchunguzi ufanywe na daktari wanayemtambua wao. Fanya uchunguzi huo mapema, kabla ya kulipia idhini ya aina ya ndege katika simuleta, yaani mashine ya kuigiza urushaji, kwa maana wapo waliogundua kasoro ya kutofautisha rangi baada ya fedha kwisha. Kuhusu lugha, kiwango cha 4 cha OACI ndicho cha chini kabisa, na hupimwa upya kila miaka 3. Mtihani una vipengele sita, na alama ya mwisho ni ile ya kipengele ulichofanya vibaya kuliko vyote, si wastani. Aliyezoea kuzungumza na mnara kwa Kifaransa ajue kwamba kusini na mashariki mwetu sehemu kubwa ya kazi ya redio ni Kiingereza.

Nchi zenyewe hazilingani kwa ugumu. Maun, nchini Botswana, kunakotoka ndege ndogo zinazopeleka watalii katika kambi za Okavango, kumekuwa mlango wa kwanza wa marubani wengi wenye saa chache, na waajiri hupenda kumwona mtu ana kwa ana. Hilo ni kweli, lakini viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, na ofisi ya uhamiaji na ofisi ya leseni ni milango miwili tofauti. Kufunguliwa mmoja hakufungui wa pili. Marekani, leseni ya kigeni hukupa kwa msingi wake haki za rubani binafsi tu, na kwa shirika la abiria rubani msaidizi, tangu 2013, kwa kawaida anatakiwa kuwa na saa 1500. Umoja wa Ulaya unataka mitihani ya nadharia, ambayo kwa leseni ya rubani wa mashirika ni masomo 13, na Uingereza tangu mwaka 2021 ina leseni zake mbali na hizo. Anayeahidiwa kazi Ulaya ndani ya mwezi mmoja kwa leseni ya Kongo au ya Afrika Kusini anadanganywa, na inatushangaza kwamba bado tunalazimika kuliandika hili.

Tutenganishe pia jambo moja linalowavunja moyo vijana bila sababu. Ni kweli kwamba mashirika ya ndege yenye cheti cha Kongo yamo katika orodha ya usalama ya Umoja wa Ulaya, iliyoanzishwa mwaka 2006. Orodha hiyo inahusu mashirika, haimhusu rubani mmoja mmoja, na haifuti saa zake.

Wakala anayedai fedha ili akupatie kazi ya urubani aulizwe maswali matatu: kampuni inayoajiri ina cheti cha uendeshaji namba gani, ndege imesajiliwa nchi gani, na nani ataomba kibali cha kazi. Asipojibu kwa maandishi, usilipe. Kampuni inayokutaka ulipe ili uketi kiti cha rubani msaidizi na kukusanya saa hailazimiki kuwa ya matapeli, na katika nchi kadhaa mpango huo haukatazwi, lakini mkataba ueleze idadi ya saa, aina ya ndege, na kinachotokea ndege ikiharibika. Tumeona mikataba iliyotaja bei tu. Pasipoti, leseni na daftari halisi havikabidhiwi kwa wakala kwa sababu yoyote. Nakala zinatosha kwa hatua zote za mwanzo, na mamlaka ikihitaji kuona hati halisi utazipeleka wewe mwenyewe.

Aliyekwisha kupata kazi nje asisubiri siku ya kurudi ndipo akumbuke saa zake. Kila unapoacha kampuni, hata kwa ugomvi, omba barua yenye kichwa chake, inayotaja aina za ndege, alama za usajili, tarehe na jumla ya saa ulizoruka kama rubani kiongozi na kama msaidizi, na kurasa za daftari zitiwe saini na mkuu wa marubani. Kampuni ndogo hufungwa, wakuu wa marubani huhama, na miaka miwili baadaye hapatakuwa na mtu wa kujibu barua ya mamlaka inayotaka kuzithibitisha saa hizo.