Sindano ya goti na haki ya aliyemaliza wa pili

Mimi ni mfamasia, na wanariadha huniuliza swali moja kila mara: kuna haki gani kumfungia kushindana mtu aliyechomwa sindano akitafuta tiba tu?

Chukua triamsinoloni. Ni dawa ya kawaida, hutuliza goti au bega lililovimba. Ila tangu Januari 2022, dawa zote za jamii yake zikitolewa kwa sindano ni marufuku wakati wa mashindano. Ikichomwa kwenye goti, mwongozo wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, unataka zipite siku 10 kabla ya kushindana. Ikichomwa kwenye msuli, siku 60. Dawa ni ileile, tofauti ni mahali sindano ilipoingia, na mgonjwa mara nyingi haambiwi.

Sheria yenyewe ni kali: kinachokutwa mwilini mwako ni chako. Nia huja kuangaliwa baadaye, adhabu inapopimwa.

Naiunga mkono, na sababu yangu ni mbio za marathoni za Boston, Marekani. Oktoba 2021 Diana Kipyokei alikata utepe, Edna Kiplagat, aliyekwisha kuvuka miaka 40, akafika wa pili. Sampuli ya Kipyokei ilikutwa na triamsinoloni, na hati za hospitali alizojitetea nazo zikabainika kuwa za kughushi. Alifungiwa miaka sita, ushindi akapewa Edna, wakati shangwe zilishakwisha zamani. Buzunesh Deba wa Ethiopia aliumia zaidi. Ushindi wa Rita Jeptoo wa 2014 katika mbio hizohizo ulifutwa kwa sababu ya EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, Deba akatangazwa bingwa, lakini alisubiri hadi 2024 kupata dola 75,000, tena kutoka mfukoni mwa msamaria mwema. Tukidai nia ithibitishwe kwanza, kila mtu atakuja na barua ya daktari, na wa pili atabaki wa pili milele.

Kinachonikera ni kwamba adhabu huishia kwa mkimbiaji. Kanuni za WADA zinawabana pia makocha na madaktari wa wanariadha, lakini anayeuza sindano dukani bila cheti cha daktari hazimfikii. Huyo ni wa taaluma yangu, na sisi wenyewe ndio wa kumbana. Dukani kwangu, mwanariadha haondoki na dawa kabla hajaniambia tarehe ya mbio zake. Nikimpa, namwandikia jina la dawa, kipimo na mahali pa kuchomwa, nami nabaki na nakala. Mbio zikiwa karibu, simpi. Namrudisha kwa daktari aombe kwanza kibali cha kutumia dawa iliyopigwa marufuku kwa ajili ya matibabu.